Kivinjari kimejisasisha, mipangilio haionekani: anzia kwenye dalili

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fungua chrome://version. Iandike hivyo hivyo kwenye upau wa anwani, kisha ubonyeze Enter. Juu kabisa utaona nambari ya toleo, na chini zaidi mstari wa njia ya wasifu (profile, yaani alamisho, manenosiri na mipangilio ya mtumiaji mmoja), unaoishia kwa Default, Profile 1 au jina la namna hiyo. Vipige picha kwa simu. Kwenye Firefox mambo hayo yako about:support. Bila hayo mawili, fundi anayekusaidia kwa simu kutoka mtaa wa pili atakuwa anapiga ramli tu.

Hapa tunatumia anwani za ndani kama hiyo kuliko majina ya menyu. Majina hubadilika toleo hadi toleo, na kompyuta nyingi Nairobi zina menyu za Kiingereza huku nyingine zimewekwa Kiswahili. Anwani ni moja kwa lugha zote. Edge hutumia edge:// mahali pa chrome://, na Brave huikubali chrome:// na kuigeuza yenyewe. Hazifunguki kwa kubofya kiungo kilicho ndani ya ukurasa wa wavuti. Ziandike au uzibandike.

Kompyuta ya pembeni haiko hivi, mbona yangu?

Mwaka 2021 Chrome ilipunguza muda kati ya matoleo makubwa kutoka wiki sita hadi nne, kwa hiyo mabadiliko huja kidogo kidogo na mara kwa mara. Isitoshe, toleo likishaingia, kipengele kipya hakifunguliwi kwa watu wote siku moja. Kampuni hukiwasha kutoka kwenye seva zake kwa fungu moja la watumiaji, kisha jingine. Ndiyo maana mashine mbili kwenye meza moja, nambari ya toleo ile ile, zinaweza kuwa na vitufe tofauti. Huo si uchawi wala si virusi. Ukiona tofauti ya aina hiyo na hakuna kilichoharibika, endelea na kazi.

Kinachofaa kuulizwa ni hiki: kitu chako kimehamishwa, kimebadilishwa jina, kimeondolewa kabisa, kimeshikwa na programu nyingine, au wewe ndiye uliyefungua wasifu usio wako? Kila jibu lina dawa yake. Kuweka upya mipangilio yote kunatibu moja au mawili tu kati ya hayo, na kunakupotezea mengine.

Kama kitu kimehamishwa, dawa ni ndogo: fungua chrome://settings na utumie kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya ukurasa. Andika neno moja tu, kwa lugha ya menyu zako. Mstari wa alamisho uliopotea hurudi kwa Ctrl+Shift+B. Maandishi yaliyovimba au kusinyaa hurudi kwa Ctrl+0. Kitufe cha ukurasa wa mwanzo kiko chrome://settings/appearance. Hayo hayahitaji fundi.

Alamisho zote zimepotea, manenosiri hakuna, kama kompyuta mpya

Hii ndiyo dalili inayotisha kuliko zote, na mara nyingi hakuna kilichopotea. Kivinjari kimefungua wasifu mwingine. Bofya duara la picha lililo juu kulia uone kama kuna wasifu zaidi ya mmoja. Kwenye saiba (maduka ya kulipia intaneti) na kompyuta za familia hili ni la kawaida: mtu aliingia na akaunti yake, akakubali kuundiwa wasifu, akaondoka, na njia ya mkato iliyo kwenye eneokazi sasa inafungua wasifu wake.

Usikimbilie kuwasha usawazishaji (sync) ukiwa ndani ya wasifu usioujua. Utachanganya alamisho zako na za mtu mwingine, na kuzitenganisha ni kazi ya mchana mzima.

Kama orodha ya wasifu haina wako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha uandike:

%LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data

Humo kuna folda za Default, Profile 1, Profile 2 na kuendelea. Ingia katika kila moja uangalie faili linaloitwa Bookmarks, lisilo na herufi za mwisho kama .txt. Angalia ukubwa wake na tarehe ya mwisho kubadilika. La kilobaiti 2 ni tupu. La kilobaiti 180 ndilo lenye kumbukumbu zako za miaka. Karibu yake huwepo Bookmarks.bak, nakala ya akiba. Hapo ndipo watu huharibu: wanafungua na kufunga Chrome mara tano "kuona kama zimerudi", na Chrome huiandika upya nakala hiyo ya akiba kutokana na hali mpya. Kwa hiyo nakili Bookmarks na Bookmarks.bak uziweke kwenye flashi kwanza, kabla ya kufungua kivinjari tena. Kisha funga Chrome kabisa, weka faili lenye data kwenye folda ya wasifu unaoutumia, ukilipa jina la Bookmarks, ndipo ufungue.

Manenosiri hayafuati njia hiyo. Faili lake limefungwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti ya Windows. Ukilihamishia mashine nyingine halikupi kitu. Njia ya halali ni kuyatoa kupitia chrome://password-manager/settings wakati wasifu wa zamani bado unafunguka. Faili linalotoka ni la CSV na mtu yeyote anaweza kulisoma, kwa hiyo usiliache kwenye kompyuta ya saiba hata dakika kumi.

Firefox ina mtego wake. Tangu toleo la 67 la Mei 2019, kila usakinishaji una wasifu wake. Ukiwa na Firefox ya biti 32 kwenye Program Files (x86), kisha ukaweka ya biti 64 ambayo huingia Program Files, mpya itafunguka safi kama haijawahi kukuona. Nenda about:profiles, tafuta wasifu wenye folda ya zamani, ufungue kwenye dirisha jipya uhakikishe ndio, kisha uufanye kuwa chaguomsingi.

Kila asubuhi mipangilio imerudi ilivyokuwa jana

Kwa saiba, uliza kwanza kama mashine ina programu ya kugandisha diski, ile inayorudisha kila kitu kilivyokuwa kompyuta ikiwashwa upya. Hapo kivinjari hujisasisha mchana, usiku sasisho linafutwa, kesho yake linapakuliwa tena. Mashine kumi zikifanya hivyo kila siku, utalalamikia mwenye intaneti bure. Gandua diski, sasisha kila kivinjari, weka mipangilio unayotaka, washa upya mara moja ukague, kisha gandisha tena. Fanya hivyo angalau mara moja kwa mwezi.

Kama diski haigandishwi na shida ni kutolewa kwenye akaunti tu kila ukifunga, tazama chrome://settings/content/siteData. Kuna chaguo la kufuta data ya tovuti madirisha yote yakifungwa. Kwa mashine ya umma ni chaguo zuri. Kwa laptopu yako ya nyumbani ni kero.

Na kama umebadilisha kitu lakini hakishiki hata saa moja, huenda sasisho limepakuliwa nusu likisubiri kuanza. Andika chrome://restart. Vichupo vyako vitarudi, ila fomu uliyokuwa unajaza huenda isirudi, basi imalize kwanza.

Mtambo wa kutafuta na ukurasa wa mwanzo vimebadilika vyenyewe

Lawama ya hili huangukia sasisho, na mara nyingi sasisho halina hatia. Anayefanya hivi kwa kawaida ni kiendelezi (extension, programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari), au programu ya bure ya kugeuza PDF au kupakua video iliyoingia na wenzake bila kuitwa. Fuata mpangilio huu:

1. Fungua chrome://extensions, zima vyote, funga kivinjari, fungua. Shida ikiisha, washa kimoja kimoja hadi umpate mwizi.
2. Angalia chrome://settings/searchEngines na chrome://settings/onStartup, urekebishe.
3. Bofya kulia ikoni ya Chrome kwenye eneokazi, ingia kwenye sifa zake, usome mstari wa lengo. Unapaswa kuishia kwa chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Kama baada ya hapo kuna anwani ya tovuti, ifute. Ukikuta --profile-directory, iache. Hiyo inachagua wasifu tu.

Kama chaguo lenyewe limegeuka kijivu na chini ya menyu kuna maneno kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, hatua hizo hazitasaidia. Fungua chrome://policy; kwa Firefox ni about:policies. Kwenye kompyuta ya ofisi, orodha utakayoiona imewekwa na watu wa ICT, na wao ndio wa kuulizwa. Programu ya saiba ya kuhesabu dakika za mteja, au ya kuzuia virusi, nayo inaweza kuweka sera halali, yaani mipangilio ya kulazimishwa.

Ila tuseme ni laptopu yako mwenyewe, huna mwajiri aliyeigusa, na humo kuna mstari wa ExtensionInstallForcelist ukifuatiwa na mfululizo wa herufi 32. Hapo kuna kitu kimelazimisha kiendelezi ambacho huwezi kukiondoa kwa mkono. Kagua mashine kwa programu ya kuzuia virusi kwanza. Kisha fungua regedit, kihariri cha rejista ya Windows, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome na pia njia hiyo hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Hifadhi nakala ya ufunguo huo kabla ya kuufuta. Rudi chrome://policy ubonyeze kitufe cha kupakia upya sera. Zikirudi baada ya kuwasha upya, kilichoziweka bado kiko ndani, na ni afadhali kuiweka upya Windows kuliko kufukuzana nacho.

Kizuia matangazo kimezimwa na hakiwaki

Hapa kitu kimeondolewa kabisa, hakijafichwa. Chrome imeachana na muundo wa zamani wa viendelezi, uitwao Manifest V2. Toleo la 138, la kati ya 2025, ndilo la mwisho lililoweza kuviendesha, tena kwa sera ya shirika. Kuanzia 139 njia hiyo nayo imefungwa. uBlock Origin ya asili ni ya muundo huo. Una njia mbili: uBlock Origin Lite, yenye uwezo mdogo zaidi, au kuhamia Firefox, ambayo bado inaikubali ile ya asili. Ushauri wa kupakua Chrome ya zamani na kuzima masasisho tunaukataa waziwazi. Matangazo yanaudhi, lakini kivinjari chenye matundu kinapofungua akaunti ya benki ni balaa kubwa zaidi.

Kwenye Firefox, kama viendelezi vyote vimezimika kwa pamoja, tazama toleo. Cheti cha msingi kinachothibitisha viendelezi kiliisha muda tarehe 14 Machi 2025. Matoleo yaliyo chini ya 128, au chini ya 115.13 kwa tawi la ESR (lile la mashirika, linalodumu muda mrefu), yaliathirika. Sasisha tu.

Vivyo hivyo kwa waliokuwa wakirudisha sura ya zamani kupitia chrome://flags. Swichi za ukurasa huo ni za majaribio. Ile iliyorudisha mwonekano wa kabla ya 2023 iliondolewa, na haitafutiki tena. Usijenge nyumba kwenye swichi hizo.

Risiti haifunguki, au imefunguka na haichapiki

Mwezi wa Juni, watu wakikimbizana na ritani za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya tarehe 30, dalili hii huongoza. Tatizo ni mambo matatu yaliyorundikana.

La kwanza ni dirisha ibukizi (pop-up) lililozuiwa. Zamani ulibofya kufuli kando ya anwani. Tangu Chrome 117 ya Septemba 2023, kufuli hilo limeondolewa na mahali pake kuna alama ya vitelezi viwili. Watu wanatafuta kufuli, hawalioni, wanadhani tovuti ni bandia. Bofya vitelezi hivyo ukiwa kwenye tovuti ya serikali kama iTax au eCitizen, ingia kwenye mipangilio ya tovuti, ruhusu madirisha ibukizi kwa tovuti hiyo peke yake. Usiruhusu kwa tovuti zote.

La pili, mwaka huo huo wa 2023 upau wa vipakuliwa uliokuwa chini ya dirisha ulihamia juu kulia ukawa ikoni ndogo. Mteja haoni kitu chini, anabofya tena, na tena. Fungua folda ya vipakuliwa utakuta risiti moja mara sita, za nyuma zikiwa na (1), (2), (3). Ctrl+J inaonyesha vyote. Kama unataka PDF ifunguke ndani ya kivinjari badala ya kupakuliwa, au kinyume chake, chaguo liko chrome://settings/content/pdfDocuments.

La tatu ni uchapishaji. Chrome hukumbuka mipangilio ya mwisho ya uchapishaji katika wasifu; wasifu mpya haukumbuki kitu. Ukibonyeza Ctrl+P, soma mistari miwili kabla ya kulipisha mteja. Mahali pa kuchapisha: je, ni printa au ni kuhifadhi kama PDF? Na saizi ya karatasi: mara nyingi utakuta Letter, milimita 216 kwa 279, wakati kwenye trei kuna A4 ya 210 kwa 297. Matokeo yake ni ukingo wa kulia uliokatwa, au printa inayowaka taa na kusubiri karatasi isiyokuwepo. Weka A4, ondoa alama ya vichwa na vijachini ili anwani ya tovuti isichapwe, chapisha ukurasa mmoja. Dirisha la Chrome likigoma, Ctrl+Shift+P hufungua lile la Windows.

Na usisasishe chochote siku ya mwisho ya ritani.

Kamera ilikuwa na ruhusa, sasa tovuti inadai haina

Chrome hujiondolea ruhusa za tovuti ambazo hujazitembelea kwa muda. Ni kipengele cha usalama, na kwa maoni yetu ni kizuri. Bofya vitelezi viwili, rudisha ruhusa, pakia ukurasa upya. Ikishindikana, kagua pia mipangilio ya faragha ya Windows kwa kamera.

Nikirudi kwenye kichupo, ukurasa unajipakia upya

Hicho ni kipengele cha kuokoa RAM, kilichoingia na Chrome 108 mwishoni mwa 2022. Hulaza vichupo usivyovitumia. Kimeundwa kisilaze kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu, lakini ukurasa uliokuwa umefunguliwa tu, bila kuandikwa kitu, unaweza kulala. Ukirudi unakuta muda wa kuingia umeisha. Fungua chrome://settings/performance uongeze tovuti hiyo kwenye orodha ya zinazobaki macho. Kwa mashine ya RAM ya gigabaiti 4 usikizime chote.

Bando linaisha haraka kuliko zamani

Kama ulizoea hali nyepesi ya Chrome kwenye simu, ile iliyobana kurasa, haijafichwa popote. Ilisitishwa Machi 2022 toleo la 100 lilipotoka. Unachoweza kufanya ni kuzima upakiaji wa kurasa kabla hujazifungua, na kuweka Play Store isasishe programu kwa waifai pekee. Opera Mini bado hubana data, ila hali yake ya juu kabisa ya kubana huvuruga kurasa nyingi za benki na za serikali. Kwa hizo, ishushe.

Kwenye simu pia, upau wa anwani ulioshuka chini ni chaguo lililoletwa Chrome ya Android mwaka 2025. Bonyeza na kushikilia anwani upate kuurudisha juu. Na simu ya Android 9 kurudi nyuma haitapata Chrome zaidi ya 138. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo.

Kila tovuti inasema muunganisho si salama

Tazama saa ya kompyuta, tena tazama mwaka. Kompyuta nyingi za mezani za ex-UK zinazouzwa mjini zina betri ya ubao-mama iliyochoka. Ukichomoa umeme usiku, asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka, na kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Ujumbe huwa na maneno ERR_CERT_DATE_INVALID. Rekebisha saa, kisha badilisha betri: CR2032, volti 3, upande wa kujumlisha ukitazama juu. Kama mashine ni ya Windows 7, Chrome yake ya mwisho ni 109 ya mapema 2023, na makosa mengine yataendelea kujitokeza hata saa ikiwa sawa.

Skrini inamemeteka au sehemu ya ukurasa ni nyeusi

Zima matumizi ya kadi ya michoro kwenye chrome://settings/system, anzisha upya. Ikitulia, sasisha kiendeshi cha kadi hiyo kisha uwashe tena.

Yote yameshindikana

Sasa ndipo unafika chrome://settings/reset. Hurudisha mtambo wa kutafuta, ukurasa wa mwanzo na ruhusa za tovuti kwenye hali ya mwanzo, huzima viendelezi, hufuta vidakuzi (cookies), kwa hiyo utatolewa kwenye akaunti zote. Alamisho, historia na manenosiri hubaki. Hakikisha mteja ana simu ya laini ile inayopokea nambari za uthibitisho kabla hujabonyeza, la sivyo atakwama nje ya akaunti yake mwenyewe akiwa mbele yako.

Kwenye Firefox kitufe hicho kiko about:support. Huondoa viendelezi na mapambo, huacha alamisho, manenosiri na vidakuzi, na huweka folda ya Old Firefox Data kwenye eneokazi. Usiifute siku hiyo hiyo. Mpe mwenye mashine wiki moja akumbuke alichokisahau.